Minyororo ya Maniema na Sauti ya Eklezya

Wandugu mapadri na waseminari, tunawafundisha wakatekumeni ya kuwa kuwatembelea wafungwa ni tendo moja la huruma. Lakini sisi watu wa Pangi na wa Maniema yote, tumepata kujiuliza Eklezya ilifanya nini wazee wetu walipofungwa wengi pamoja? Tutazame nyakati tatu.

Ya kwanza ni wakati wa minyororo. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, Livingstone aliona watu wa wafanya biashara wa pwani wakiwapiga bunduki wanawake waliokuja kuuza vyakula. Kisha vikosi vyao vikaingia hata katika pori la Warega, kutafuta pembe na watu. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alisimama Paris, London na Bruxelles, akalaani utumwa huo mbele ya wote. Wamisionari wake wa Tanganyika waliwakomboa watoto, wakawalea. Hapo Eklezya haikunyamaza.

Ya pili ni wakati wa Leopold. Wanawake walifungwa kama rehani mpaka waume wao walete mpira wa porini. Nani alisema? Zaidi ni wamisionari Waprotestanti, walioandika na kupiga picha, na kushuhudia mbele ya tume ya mwaka 1904 na 1905. Wakatoliki wengi walinyamaza, maana waliona mashtaka hayo kuwa vita ya Waingereza juu ya Ubelgiji na juu ya misioni. Hata hivyo Padri Vermeersch, Myezuiti, aliandika kitabu mwaka 1906, akaonyesha ubaya bila kuogopa.

Ya tatu ni wakati wa Bula Matari. Amri ya mwaka 1910 ilimruhusu mkubwa wa serikali kumhamisha mtu mbali na kwao, pasipo hukumu ya mwamuzi. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alihukumiwa kufa. Wamisionari Wabatisti walimwombea huruma, na Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alikaa bolokoni miaka 30, akafa Elisabethville mwaka 1951. Wafuasi wake walihamishwa na jamaa zao; wengine waliletwa Lowa, kando ya Lualaba, chini ya Kindu. Kati ya wamisionari wetu walikuwako walioitaka serikali iwe kali zaidi. Na kwetu Warega, mwaka 1948 serikali ilikataza Bwami, chama cha wazee wetu.

Tunaona nini? Adui aliposhika ufunguo wa boloko, tulisema kwa nguvu. Rafiki aliposhika ufunguo, tulisema kidogo, ama hatukusema. Hatuandiki hivi ili kuwatukana waliotuletea imani, ambao wengi walizikwa katika udongo huu. Tunaandika kwa sababu jaribu lile ni letu leo. Anayefunga sasa ni Mukongo mwenzetu. Pengine tulisoma naye, pengine anaketi kiti cha mbele siku ya Dominika.

Boloko ya Makala, Kinshasa, ilijengwa kwa watu 1500. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, wafungwa walipojaribu kutoka, walikufa 129 kwa hesabu ya serikali yenyewe. Wengi waliojaa mle walikuwa hawajahukumiwa bado.

Papa Yohana XXIII aliingia boloko ya Regina Coeli, Roma, tarehe 26 Desemba 1958, mwaka ule ule aliochaguliwa. Hakuwauliza wafungwa kwanza kosa lao. Sisi nasi twende. Tupeleke chakula na sabuni, maana asiye na ndugu karibu analala njaa. Tupeleke Sakramenti. Lakini tusiishie hapo: tumwulize kila mmoja jina lake, siku aliyofungwa, na kama amemwona mwamuzi, kisha tuende kwa wakubwa, tuulize kwa heshima na bila kuchoka.

Lavigerie hakutosheka kuwafunga watumwa vidonda. Aliuliza nani ameshika mnyororo. Sisi tuulize vilevile, hata jibu likiwa jina la rafiki.