Mtutu, Risasi na Mlengaji: Historia ya Uteuzi wa Bunduki Ndogo Sahihi nchini Uingereza na Marekani, 1887–1939

1.0 Utangulizi

Mwaka 1887 kampuni ya J. Stevens Arms and Tool ya Chicopee Falls, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ilitoa risasi mpya iliyoitwa .22 Long Rifle. Katika insha hii neno "risasi" limetumika kwa maana ya kitu kizima kinachotiwa bundukini, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa. Kichwa cha risasi hiyo kilikuwa na uzito wa takribani gramu 2.6 na kipenyo kisichofika milimita 6. Baruti yake nyeusi ilikuwa kama theluthi moja tu ya gramu. Kwa vipimo vya silaha za karne ile, kilikuwa kitu kidogo mno. Hata hivyo, ndiyo iliyokuja kuwa risasi ya kawaida ya mkulima aliyewinda sungura, kijana aliyewinda kindi, na mfanyakazi wa mjini aliyejifunza kulenga shabaha jioni baada ya kazi.

Watu hao walikuwa na swali moja: ni bunduki ipi itakayopiga pale inapolengwa? Insha hii inafuatilia jinsi swali hilo lilivyojibiwa nchini Uingereza na Marekani hadi kuanza kwa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Hoja inayotetewa ni kwamba usahihi ulitokana na mapatano kati ya mtutu, risasi na mlengaji, na kwamba wanunuzi wengi walipoteza fedha kwa kuutafuta katika bunduki peke yake. Hasara hiyo haikuwa ndogo kwa mtu wa kipato cha chini, na kwa upande wa mawindo ilimaanisha mnyama aliyejeruhiwa na kwenda kufia shimoni.

2.0 Muundo wa Risasi na Masharti Yake

Asili ya risasi hii ni Ufaransa. Mwaka 1845 Louis-Nicolas Flobert alichukua fataki ya kawaida ya bunduki za wakati wake, akaipachika kichwa kidogo mdomoni, na kupata risasi dhaifu iliyofaa kwa mchezo wa kulenga ndani ya nyumba. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani iliendeleza wazo hilo kwa kutengeneza bastola yake ya kwanza pamoja na risasi iliyokuja kujulikana kama .22 Short. Katika risasi za aina hii, kemikali ya kuwashia baruti hukaa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Pini ya bunduki hugonga ukingo huo, ukaminywa, na baruti ikawaka.

Muundo huo uliweka masharti matatu yaliyotawala uteuzi wa bunduki baadaye. Kwanza, ganda lilipaswa kuwa jembamba ili pini iweze kuuminya ukingo. Kwa kuwa ganda jembamba haliwezi kuhimili mgandamizo mkubwa, risasi hii ilibaki kuwa ya nguvu ndogo. Pili, ganda lililokwisha kutumika halikuweza kujazwa upya kwa urahisi. Mlengaji wa bunduki kubwa zenye fataki ya katikati aliweza kujipimia baruti na kuchagua kichwa mpaka akapata mchanganyiko unaopendwa na mtutu wake. Mwenye bunduki ndogo alikula alichopikiwa na kiwanda. Tatu, kichwa cha risasi kilikuwa na unene sawa na ganda lake, kikakaa wazi nje kikiwa kimepakwa mafuta. Kiligongwa na kubonyea kwa urahisi, nacho kilishika vumbi.

Kutokana na masharti haya, sehemu ya mtutu inayopokea risasi, yaani chumba cha risasi, ilikuwa na uzito mkubwa kuliko wanunuzi wengi walivyodhani. Chumba kipana kilipokea kila risasi bila kukwama, lakini kiliacha kichwa kiingie mtutuni kikiwa kimeinama kidogo. Chumba kilichobana kilikiongoza kichwa katika mstari wa katikati. Viwanda vilivyouza kwa watu wengi vilichagua upana, kwa sababu mteja hulalamikia bunduki inayokwama mapema kuliko bunduki inayotawanya risasi.

3.0 Kunguru, Sungura na Kindi

Katika mashamba makubwa ya Uingereza ya karne ya 19 kulikuwa na bunduki maalumu za kuwindia kunguru na sungura. Mwezi Mei, makinda ya kunguru yalipotoka viotani na kukaa matawini kabla ya kuweza kuruka vizuri, wenye mashamba na wageni wao waliyalenga kutoka chini. Mafundi kama Holland & Holland na W. W. Greener walitengeneza kwa ajili hiyo bunduki nyepesi za mtutu mmoja zenye umaliziaji wa hali ya juu. Zilikuwa sahihi, lakini bei yake ilikuwa ya watu wenye ardhi.

Risasi ya .22 iliuvunja utaratibu huo pole pole. Ilikuwa rahisi, haikuhitaji kujazwa nyumbani, na kwa umbali wa yadi 50 ilitosha kumwangusha sungura papo hapo iwapo alipigwa kichwani. Bunduki nyingi za zamani za kunguru hatimaye zilitobolewa na kutiwa ndani yake bomba jipya la chuma la kipimo cha .22. Kazi hiyo ilifanywa sana na karakana ya A. G. Parker ya Birmingham. Ni ushahidi wa wazi kwamba thamani ya bunduki ilihamia mtutuni: mbao na nakshi za zamani zilibaki, lakini kilichoamua risasi iende wapi kilikuwa kile kipande cha chuma kipya.

Nchini Marekani hali ilikuwa tofauti. Huko bunduki ndogo ilikuwa chombo cha nyumba za kawaida. Stevens iliuza bunduki yake nyepesi ya Favorite kuanzia miaka ya 1890, na Winchester iliuza bunduki za risasi nyingi zilizobuniwa na John Browning. Mwindaji wa kindi alikuwa na tatizo la hesabu. Mnyama huyo ni mdogo, hukaa juu ya mti, na risasi ikimpiga tumboni huharibu nyama au humwacha akimbilie tunduni. Shabaha ya kweli ilikuwa kichwa, ambacho si kikubwa kuliko yai la kuku. Bunduki iliyotawanya risasi kwa sentimita 10 katika yadi 50 haikumfaa, hata kama ilikuwa nyepesi na ilipakia haraka.

Kosa lililokuwa limeenea lilihusu urefu wa risasi. Bunduki nyingi zilisifiwa kwa sababu zilipokea .22 Short, .22 Long na .22 Long Rifle katika chumba kimoja. Mnunuzi aliona faida ya kuchagua risasi ya bei ndogo. Lakini .22 Short ikifyatuliwa katika chumba kirefu, kichwa chake hulazimika kuruka nafasi tupu kabla ya kushikwa na michirizi ya mtutu. Usahihi hupungua, na kwa matumizi ya muda mrefu chumba chenyewe huliwa. Akiba ya senti ilifuta sababu ya kununua bunduki nzuri.

4.0 Klabu za Wafanyakazi wa Uingereza

Vita vya Makaburu nchini Afrika Kusini, vya 1899 hadi 1902, viliitia Uingereza wasiwasi. Wakulima wa Kiburu walionekana kuwa walengaji hodari kuliko askari wengi waliotumwa kupigana nao. Lord Roberts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza huko mwaka 1900, akawa mtetezi mkuu wa kuwafundisha raia kulenga shabaha. Mwaka 1901 kilianzishwa chama cha klabu za bunduki za wafanyakazi, na mwaka 1903 kiliungana na jumuiya nyingine na kuwa Chama cha Klabu za Bunduki Ndogo.

Bunduki ya jeshi haikuwezekana kutumika katikati ya mji wa viwanda. Ilihitaji uwanja mrefu, na kila risasi yake ilikuwa na gharama. Bunduki ya .22 ilihitaji chumba chenye urefu wa yadi 25 na ukuta imara wa kuzuia risasi. Kwa hiyo klabu ziliweza kuanzishwa katika maghala na kumbi. Wanachama wengi walitumia bunduki za klabu kwa zamu, na uamuzi wa kununua ipi ulikuwa uamuzi wa kamati kuhusu fedha za wote.

Hapo ndipo mvutano ulipojitokeza. Wizara ya Vita ilihimiza bunduki ndogo ya komeo iliyofanana na ile ya jeshi, kwa hoja kwamba raia ajifunze vitendo ambavyo angevihitaji vitani. Walengaji wa klabu walipima jambo jingine: matundu katika karatasi. Wengi wao waliegemea bunduki za Martini. Jeshi la Uingereza lilikuwa limepokea Martini-Henry mwaka 1871 na baadaye kuiacha. Bunduki hizo kuukuu zilipatikana kwa wingi, na zikafungwa mitutu ya .22. Kiwanda cha BSA cha Birmingham kiliendelea kutengeneza bunduki mpya ndogo za muundo huo.

Sababu za Martini kupendwa zilikuwa za kiufundi. Mwili wake ulikuwa mfupi na mgumu, hivyo mtutu ulishikwa imara. Pini yake ilisafiri umbali mdogo, na muda kati ya kuvuta kifyatulio na kuwaka kwa baruti ukawa mfupi. Kichwa cha .22 huenda polepole na hukaa mtutuni muda mrefu kuliko cha bunduki ya jeshi, na mtetemeko wowote wa mkono katika muda huo huhamia kwenye shabaha. Walengaji waliongeza kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo la kuchungulia, ambacho kiliwasaidia hata wale ambao macho yao yalikuwa yamechoka kwa umri. Katika Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 1908, mashindano ya bunduki ndogo yaliingizwa, na katika shindano la mtu mmoja mmoja la kulenga kwa kulala, medali zote tatu zilichukuliwa na Waingereza.

5.0 Adui Ndani ya Mtutu

Hadi katikati ya miaka ya 1920, aliyenunua bunduki iliyokwisha kutumika alipaswa kuchungulia mtutu kabla ya kutazama kitu kingine. Fataki za wakati huo ziliacha chumvi iliyovuta unyevu. Enzi ya baruti nyeusi, masizi mengi yalimlazimu mwenye bunduki kuisafisha kila siku kwa maji. Baruti isiyo na moshi ilipoingia, mtutu ulionekana msafi, na wengi wakaacha bidii hiyo. Chumvi ilibaki, na kutu ikala michirizi. Waliosafisha sana nao walikuwa na hatari yao: ufito uliopitishwa vibaya ulilika mdomo wa mtutu, mahali ambapo kichwa cha risasi huachana na bunduki.

Katikati ya muongo huo kampuni ya Remington ilitoa risasi za Kleanbore, zenye fataki isiyoleta kutu. Kuanzia hapo mtutu mzuri uliweza kudumu miaka mingi. Fedha zilizowekwa katika mtutu bora zikawa na maana hata kwa klabu ndogo.

6.0 Kutengana kwa Njia Mbili

Mwaka 1919 Winchester iliionyesha Model 52 katika mashindano ya kitaifa ya Marekani huko Caldwell, New Jersey, na mwaka uliofuata ikaanza kuiuza. Ilikuwa bunduki ya komeo yenye mtutu wa inchi 28 na uzito wa kilo 4 hivi. Urefu huo haukuongeza kasi, kwa kuwa baruti ya .22 humaliza kazi yake katika inchi 16 hivi za mwanzo. Faida yake ilikuwa kutenganisha vilengeo viwili na kuleta uzito mbele ili mikono itulie. Mwaka 1929 mfumo wake wa kufyatulia ulibadilishwa ili kufupisha muda wa pini. Walengaji wa Marekani walikuwa wamefikia jambo lile lile ambalo Martini ilikuwa imewapa Waingereza.

Lakini bunduki hiyo haikumfaa mtu wa kutembea mwituni siku nzima. Miaka ya 1930 risasi za kasi kubwa, zilizozidi kasi ya sauti, zilienea, na wawindaji wengi wakazipenda kwa sababu njia yake ilikuwa imenyooka zaidi. Walengaji wa shabaha walibaki na risasi za kasi ya chini ya sauti. Kichwa kinachoanza juu ya kasi ya sauti hupungua mwendo haraka na kuvuka mpaka huo angani, na hutikisika kinapovuka. Aidha, upepo hukisukuma pembeni zaidi kuliko kile cha polepole, jambo linalokwenda kinyume na dhana ya wengi.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha mpangilio wa uteuzi uliojengeka kwa uzoefu wa vizazi viwili. Kwanza ni hali ya mtutu na chumba cha risasi. Kisha ni kifyatulio chepesi kisichokwama, kitako kinachomtosha mtumiaji, na uzito unaolingana na kazi: mzito kwa anayelala kulenga karatasi, mwepesi kwa anayefuata sungura. Vilengeo hufuata. Mwisho, na hapa ndipo wengi walipokosea, bunduki ilipaswa kujaribiwa kwa risasi za viwanda mbalimbali, na hata za mafungu mbalimbali ya kiwanda kimoja, kwa kufyatua risasi tano tano na kupima matundu. Kwa kuwa risasi haikuweza kurekebishwa, ilibidi itafutwe. Bunduki mbili pacha kutoka kiwanda kimoja ziliweza kupenda mafungu tofauti.

Kamati ya klabu ya wafanyakazi iliyotumia sehemu ya fedha zake kwa majaribio hayo ilipata usahihi ambao tajiri mwenye bunduki ya nakshi angeweza kuukosa. Mwindaji aliyefanya hivyo alijua umbali ambao hakupaswa kuuvuka, akashusha bunduki yake pale sungura alipokuwa mbali mno.