Kiti na Lugha: Historia Fupi ya Mhadhara wa Uzinduzi wa Profesa

Mhadhara wa uzinduzi ni ule anaoutoa profesa aliyeteuliwa karibuni, anapokikalia rasmi kiti cha taaluma yake, mbele ya wakuu wa chuo, wenzake wa idara nyingine, wanafunzi, na wageni wowote wanaopenda kuhudhuria. Ni rahisi kwa mhakiki wa fasihi kuupita akidhani kwamba ni sherehe ya majoho na picha za ukumbusho. Hata hivyo, una fanani na hadhira, una jukwaa na mwanzo uliozoeleka, na mara nyingi huchapishwa baadaye ukawa kijitabu. Yaani, ni utanzu ulio baina ya usemi na maandishi. Aidha, una tatizo ambalo somo la darasani halina. Darasani mwanafizikia husema na wanafizikia. Siku ya uzinduzi humbidi aeleweke kwa mwanasheria, kwa daktari wa mifugo, na kwa shangazi yake aliyekuja kumpongeza. Makala haya yanashikilia kwamba tatizo hilo kimsingi ni la lugha, na kwamba historia ya utanzu huu haieleweki vyema pasipo kuuliza kila mara profesa alizungumza kwa lugha gani, na nani aliachwa nje ya mlango.

Kwa karne nyingi Ulaya ililitatua tatizo hilo kwa Kilatini. Philipp Melanchthon alipofika Wittenberg kufundisha Kigiriki, alikuwa kijana wa miaka 21. Mhadhara wake wa Agosti 1518, uliodai kwamba elimu ya vijana irekebishwe, ulimvutia hata Martin Luther. Aliutoa kwa Kilatini. Immanuel Kant naye, alipopata kiti cha mantiki na metafizikia huko Königsberg mwaka 1770, aliitetea tasnifu yake ya uzinduzi kwa Kilatini, ijapokuwa vitabu vilivyompa sifa baadaye alivitunga kwa Kijerumani. Si haki kukibeza Kilatini hicho. Msomi wa Padua aliweza kusikilizwa Krakow bila mkalimani, na tabibu, mwanatheolojia na mwanasheria walikuwa na lugha moja ya kubishania. Lakini ukuta ule ule uliowakusanya wasomi ndani ndio uliowafungia nje wafanyabiashara, mafundi, na karibu wanawake wote.

Miongoni mwa waliotoboa ukuta huo, Antonio Genovesi wa Naples anastahili kuangaliwa kwa kituo. Alikuwa padri na mwanafalsafa aliyekwisha kuandamwa na wakuu wa dini kwa sababu ya fikra zake, hata njia ya kupata kiti cha theolojia ikafungwa. Mnamo mwaka 1754 Bartolomeo Intieri alijitolea kugharimia kiti kipya katika Chuo Kikuu cha Naples, kiti cha biashara na umakanika, ambacho huhesabiwa miongoni mwa viti vya kwanza vya taaluma ya uchumi barani Ulaya. Mfadhili huyo aliweka masharti, na mojawapo lilikuwa kwamba masomo yatolewe kwa Kiitaliano. Tarehe 5 Novemba mwaka huo Genovesi akafungua mihadhara yake kwa lugha ya watu. Sharti hilo halikuwa la mapambo. Bei ya nafaka, ushuru wa bandarini na thamani ya sarafu ni mambo yaliyojadiliwa kila siku sokoni kwa Kiitaliano na lahaja zake. Kuyahadhiri kwa Kilatini kungekuwa ni kuyaondoa mikononi mwa wale wanaoyafanya. Ni jambo la kuzingatiwa pia kwamba sharti hilo lilitoka kwa mwenye fedha na halikutoka kwa baraza la chuo. Mabaraza ya vyuo si hodari sana wa kujivua lugha inayowapa heshima.

Oxford ilichelewa zaidi. Kiti cha ushairi kilianzishwa huko mwaka 1708, na kwa takriban miaka 150 waliokikalia walihadhiri kwa Kilatini. John Keble, ambaye alijulikana kote Uingereza kwa mashairi yake ya kidini ya Kiingereza, aliichapisha mihadhara yake ya uprofesa kwa Kilatini mwaka 1844. Mwiko huo ulivunjwa na Matthew Arnold katika mhadhara wake wa uzinduzi wa Novemba 1857. Mwaka huo huo wa 1857 ndio vilipoanzishwa vyuo vikuu vya Calcutta, Bombay na Madras chini ya utawala wa Waingereza, na wanafunzi wa Kihindi wakatahiniwa kwa Kiingereza. Yaani, lugha ambayo Profesa wa Ushairi wa Oxford alikuwa ndiyo kwanza anaitumia kitini pake ilikwisha kuagizwa ng'ambo kama lugha ya asili ya elimu ya juu. Msomi wa Afrika Mashariki anayeamini kwamba Kiingereza kimezaliwa na joho mwilini hana budi kuukumbuka mwaka huo.

Mhadhara ukieleweka, huleta athari. Friedrich Schiller alipohadhiri kwa Kijerumani huko Jena mnamo tarehe 26 Mei 1789, akiuliza historia ya ulimwengu ni nini na husomwa kwa ajili gani, ukumbi uliopangwa haukuwatosha wasikilizaji, ikawabidi wakimbilie ukumbi mkubwa zaidi upande mwingine wa mji. Katika mhadhara huo alimtenga msomi anayetafuta mkate na yule anayetafuta ukweli, na utengano huo haujapoteza ukali wake. Ernest Renan yalimfika makubwa zaidi. Alipokikalia kiti cha Kiebrania katika Collège de France mjini Paris, tarehe 22 Februari 1862, alimtaja Yesu kuwa mtu asiye na kifani. Alisifu, lakini neno lililoudhi ni lile la kumwita mtu. Siku chache baadaye masomo yake yakasimamishwa na serikali, na mwaka 1864 akaondolewa kitini. Mtaalamu wa lugha za Kisemiti angeweza kuyasema hayo katika tanbihi ya kitabu kikubwa pasipo mtu kustuka. Kuyasema kwa Kifaransa, mbele ya umati, siku ya kukalishwa kiti, kulikuwa jambo jingine kabisa.

Kuhusu fani, mwanzo wa mhadhara huu unafanana na dibaji ya utenzi. Mtunzi wa utenzi humhimidi Mungu na kuagiza wino na karatasi kabla ya kuingia katika kisa. Profesa naye, hususan Ufaransa, hutarajiwa kumsifu aliyemtangulia kitini. Marie Curie aliivunja kanuni hiyo kwa namna isiyosahaulika. Mtangulizi wake alikuwa mumewe, Pierre, aliyefariki katika ajali barabarani mwezi wa Aprili 1906. Tarehe 5 Novemba mwaka huo, akiwa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne, aliingia moja kwa moja katika fizikia, akalianza somo pale pale Pierre alipoliachia. Hakuna taabini ambayo ingalimzidi.

Katika Afrika Mashariki utanzu huu uliingia pamoja na vyuo vyenyewe. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitoa mhadhara wake wa uzinduzi katika Chuo cha Makerere mnamo Agosti 1966, kuhusu nafasi ya Ugiriki ya kale katika fikra za kisiasa za Kiafrika. Ulichapishwa Nairobi mwaka uliofuata. Ilikuwa imepita miezi mitatu tu tangu jeshi la serikali lilipoishambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo, si mbali na chuo. Mswahili aliyelelewa katika mji wa washairi alisimama Kampala akazungumza juu ya Wagiriki kwa Kiingereza. Hata hivyo, haielekei kwamba Kiswahili kingekuwa suluhisho jepesi kwa hadhira hiyo, kwani nchini Uganda, na hasa Buganda, lugha hiyo ilitiliwa shaka kwa miaka mingi. Kiingereza pale kilifanya kazi iliyofanywa na Kilatini: kiliwakutanisha Waganda, Wakenya na Waingereza walio wasomi, na wasio wasomi kikawaacha.

Dar es Salaam hali haikuwa hiyo. Mhadhara wa uzinduzi wa Terence Ranger, uliochapishwa mwaka 1969, ulihusu kurejeshwa kwa juhudi za Waafrika wenyewe katika historia ya Tanzania. Ulizua mjadala mkali: mwaka 1970 Donald Denoon na Adam Kuper waliishutumu shule hiyo ya historia kwamba inalitumikia taifa, na Ranger akawajibu. Mjadala wote ulikuwa wa Kiingereza. Wakati huo huo wanafunzi wa chuo hicho walikuwa wakipita vijijini kukusanya ushuhuda wa wazee juu ya Vita vya Maji Maji, mwingi wao kwa Kiswahili, na tangu 1967 serikali ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Wazee hao walirudishiwa juhudi zao katika lugha ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma.

Kitendawili hicho hakikuishia hapo. Mwaka 1998 Mahmood Mamdani, ambaye awali alifundisha Dar es Salaam na Makerere, alihadhiri Cape Town akiuliza ni lini mlowezi hugeuka kuwa mwenyeji. Kiti alichokalia kimepewa jina la A. C. Jordan, mwandishi wa riwaya ya Kixhosa aliyelazimika kwenda uhamishoni. Mhadhara ulikuwa wa Kiingereza. Nairobi, mwaka 2001, Okoth Okombo aliutumia mhadhara wake wa uzinduzi kudai kwamba sera ya lugha ni kigezo kilichosahauliwa katika mikakati ya maendeleo na utawala barani Afrika. Hoja hiyo nzito nayo iliwafikia Wakenya kwa Kiingereza.

Pingamizi la kawaida ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za kumtosha profesa wa sayansi. Pingamizi hili lina nguvu kidogo kuliko linavyodhaniwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na mhadhara wa uzinduzi, kwa kuwa umekusudiwa wasio wataalamu, ndio unaohitaji istilahi chache kuliko mihadhara mingine yote. Naples nako hapakuwa na msamiati wa uchumi ulio tayari katika Kiitaliano wakati Genovesi alipopanda jukwaani. Aliuunda akifundisha, mbele ya wasikilizaji wake, mwaka baada ya mwaka. Na kitabu cha masomo hayo ya biashara kilianza kutoka mwaka 1765, miaka 11 baada ya mhadhara wa kwanza.