Pembe ya mwono katika gemu za zamani

Pembe ya mwono ni kipimo, kwa nyuzi, cha sehemu ya ulimwengu wa gemu inayoonekana kwenye skrini kwa wakati mmoja. Gemu nyingi za miaka ya 1990 zilitengenezewa skrini za uwiano wa 4:3. Zikichezwa kwenye skrini pana ya 16:9, mara nyingi picha huvutwa kando hadi watu wananenepa, au hukatwa juu na chini.

Skrini pana inapaswa kufanya kazi ya dirisha. Anayetazama Ziwa Kivu akiwa Kalehe, kando ya ziwa hilo, dirisha lake likipanuliwa, ataona maji mengi zaidi kushoto na kulia. Kisiwa cha Idjwi kilicho ziwani hakinenepi, wala vilima vyake havikatwi.

Gemu ya Quake (1996) ina nyuzi 90 za mlalo, ambazo kwenye 4:3 huipa picha nyuzi 74 hivi za wima. Mlalo ukibaki 90 kwenye 16:9, wima hushuka hadi 59: robo ya kimo cha picha imepotea. Dawa ni kuilinda wima na kuongeza mlalo hadi 106. Hata BioShock, iliyotoka Agosti 2007 skrini pana zikiwa zimeshaenea, ilikata picha juu na chini, wachezaji wakalalamika, na baadaye ikaongezewa chaguo la kurekebisha.

Katika Quake inatosha kufungua dirisha la amri na kuandika fov 106. Gemu nyingine hazina amri hiyo, na uwiano umefichwa ndani ya faili la programu: namba 1.333 (4:3) huandikwa kwa heksadesimali AB AA AA 3F, na wajuzi huibadilisha kuwa 39 8E E3 3F, yaani 1.778 (16:9). Nakala ya faili itunzwe kwanza, kwa kuwa namba hiyo huweza kuwa na kazi nyingine pia.

Marekebisho yana gharama. Vitu vya pembeni huonekana vimevutika, na gemu iliyozoea 4:3 huweza kuacha kuchora majengo ya kandoni, yakatoweka mchezaji anapogeuka. Gemu zenye mandhari yaliyochorwa tayari, kama Final Fantasy VII (1997), hazina kitu cha kuonyesha zaidi kandoni. Hizo ni bora zichezwe kwa 4:3, na weusi ubaki pande zote mbili, kuliko kuvutwa.