Kutoka Bugolobi hadi chuo kikuu cha ng'ambo: Anachopaswa kujua mhitimu wa S6 anayetaka kusomea kompyuta

Sehemu kubwa ya safari ya masomo ya ng'ambo hukamilika, au huharibika, kabla mwanafunzi hajapanda ndege. Kwa mkazi wa Bugolobi, ofisi nyingi zinazohusika hazipo mbali na nyumbani.

Bugolobi ni kitongoji cha kusini mashariki mwa jiji la Kampala, katika tarafa ya Nakawa, kando ya Barabara ya Port Bell inayoteremka kuelekea Luzira na Ziwa Victoria. Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kuhitimu kidato cha sita, UACE, yanapotangazwa, swali lile lile hurudi katika nyumba nyingi za mtaa huu: kijana aliyefaulu hisabati na fizikia, ambaye moyo wake uko kwenye kompyuta, apelekwe wapi?

Majibu huja haraka. Jirani anamfahamu wakala wa vyuo vya India, binamu aliye Ujerumani anasema huko hakuna ada, na bango la barabarani linaahidi viza ya Kanada. Familia nyingine huanza kuzungumzia kuuza kibanja kabla hata ya kujua chuo kinachokusudiwa kinatambuliwa au la. Makala haya yanaeleza mpangilio wa hatua, gharama zinazofahamika na mitego inayojulikana, ili fedha itangulie kuhakikiwa kabla ya kulipwa.

Ofisi zilizo karibu

Nyaraka ambazo chuo chochote cha ng'ambo kitazitaka hutoka katika ofisi ambazo baadhi yake zimo ndani ya tarafa ya Nakawa yenyewe.

Baraza la Taifa la Mitihani, UNEB, lina makao yake Ntinda. Hapo ndipo matokeo ya UCE na UACE huthibitishwa. Vyuo vingi havitosheki na nakala iliyopigwa muhuri na shule. Hutaka uthibitisho wa baraza lenyewe.

Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, liko Kyambogo. Ndilo lenye mamlaka ya kulinganisha shahada zilizopatikana nje ya Uganda na zile za ndani. Wengi hulikumbuka wanaporudi na cheti mkononi, ilhali linafaa kuulizwa kabla ya kuondoka.

Pasipoti nayo huombwa mapema. Tangu Desemba 2018 Uganda hutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, na ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 250,000. Jina na tarehe ya kuzaliwa katika pasipoti, kitambulisho cha taifa na vyeti vya UNEB havina budi kufanana herufi kwa herufi. Tofauti ndogo, kama jina la ubatizo lililoachwa katika waraka mmoja, hutosha kuchelewesha viza.

Masomo na alama

Kwa utaratibu uliozoeleka wa UACE, somo kuu lililofaulu kwa A huhesabiwa alama 6, B alama 5, C alama 4, D alama 3 na E alama 2. Somo la ziada, pamoja na General Paper, huongeza alama 1 kila moja. Hivyo masomo makuu matatu na mawili ya ziada hufikisha kiwango cha juu cha alama 20.

Hata hivyo, vyuo vya ng'ambo huangalia zaidi aina ya masomo kuliko jumla ya alama. Sayansi ya kompyuta ni tawi lililozaliwa na hisabati, na katika vyuo vingi hisabati ya kiwango cha juu ndiyo sharti la kwanza. Mwanafunzi aliyechukua hisabati kama somo kuu, pamoja na fizikia, kemia au uchumi, huwa na milango mingi iliyo wazi. Aliyechukua ICT kama somo la ziada tu, bila hisabati kuu, atapata nafasi kwa urahisi zaidi katika mifumo ya habari au teknolojia ya habari kuliko katika sayansi ya kompyuta yenyewe.

Lugha nayo ina hesabu yake. Kiingereza ni lugha rasmi ya Uganda na ndiyo ya kufundishia shuleni, lakini Uganda haimo katika orodha ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake husamehewa kuthibitisha Kiingereza chao. Matokeo ya mtihani wa IELTS hudumu miaka 2, basi kuufanya mapema kupita kiasi kunaweza kuwa hasara.

Kalenda isiyolingana

Mitihani ya UACE humalizika mwanzoni mwa Desemba, na matokeo kwa kawaida hutoka kati ya Februari na Machi. Vyuo vya Ulaya hufungua mwaka Septemba au Oktoba. Muda unaonekana kutosha, ila madirisha mengi ya maombi hufungwa kabla matokeo hayajatoka. Mfumo wa maombi wa Uingereza, UCAS, huwa na tarehe yake kuu mwezi wa Januari. Ufadhili wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, kwa kawaida hupokea maombi kuanzia Januari 10 hadi Februari 20.

Kwa hiyo mwanafunzi anayengoja matokeo ndipo aanze kutafuta chuo huwa ameshachelewa kwa mwaka huo. Anayejipanga huomba akiwa bado S6, akitumia alama zinazokadiriwa na walimu wake na barua ya mkuu wa shule, kisha hutuma matokeo halisi yanapotoka.

Fedha: ada ni sehemu tu ya gharama

Maneno kwamba Ujerumani haina ada yana ukweli, lakini si ukweli wote. Vyuo vikuu vingi vya umma nchini humo havitozi ada ya masomo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 huwatoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, pamoja na baadhi ya vyuo vingine. Mwombaji wa viza hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu. Njia ya kawaida ni kuweka euro 11,904 za mwaka mmoja, kiwango kilichoanza Septemba 2024, katika akaunti maalumu inayomruhusu kutoa euro 992 tu kwa mwezi. Aidha, si kila cheti cha kidato cha sita humwingiza mwanafunzi chuoni moja kwa moja. Wengine hupitia kwanza mwaka wa maandalizi uitwao Studienkolleg.

Uingereza hutaka ada ya chuo pamoja na fedha za kujikimu za hadi miezi 9. Tangu Novemba 2025 kiwango ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London na pauni 1,171 kwa aliye nje ya London. Fedha hizo hutakiwa zikae benki kwa siku 28 mfululizo. Waombaji wanaoishi Uganda hupimwa pia kifua kikuu.

Kanada ilipandisha kiwango chake Septemba 2025 hadi dola za nchi hiyo 22,895 kwa mwanafunzi mmoja, bila kuhesabu ada na nauli. Tangu 2024 waombaji wengi huhitaji pia barua ya jimbo atakakosoma.

Viwango hivi hubadilika, nyakati nyingine mara moja kwa mwaka. Tovuti ya ubalozi au ya idara ya uhamiaji ya nchi husika ndiyo inayoaminika.

Kuna dhana kwamba mwanafunzi atafanya kazi na kujilipia ada. Sheria hazimpi nafasi hiyo. Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada saa 20 kwa wiki katika kipindi cha masomo, Kanada saa 24, na Marekani humruhusu saa 20 ndani ya chuo chenyewe. Kipato cha saa hizo husaidia chakula na nauli, lakini hakibebi ada ya chuo.

Ufadhili

Wizara ya Elimu na Michezo ya Uganda hutangaza nafasi za ufadhili zinazotolewa na serikali rafiki, zikiwemo za China, India na Algeria. Japani hutoa ufadhili wake wa MEXT kupitia ubalozi wake jijini Kampala; kwa shahada ya kwanza, masomo huchukua miaka 5, mwaka wa kwanza ukiwa wa kujifunza Kijapani. Türkiye Bursları nayo hutanguliza mwaka wa lugha, haina ada ya maombi, na kwa shahada ya kwanza huwataka waombaji walio chini ya miaka 21. Kwa wanaolenga Marekani, ubalozi wa nchi hiyo ulioko Nsambya umekuwa na huduma ya ushauri ya EducationUSA.

Mikopo ya Bodi ya Kugharimia Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ni kwa ajili ya vyuo vya ndani ya Uganda.

Je, shahada ya kwanza isomwe nyumbani?

Historia ya kompyuta nchini Uganda inatoa jibu la kuzingatiwa. Wengi wa walioijenga fani hii walianza Makerere, kisha wakaenda ng'ambo kwa shahada za juu. Venansius Baryamureeba alisoma Makerere kabla ya kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Akarudi kuongoza kitivo cha kompyuta na baadaye Makerere yenyewe. Engineer Bainomugisha alitoka Makerere akaenda Vrije Universiteit Brussel nchini Ubelgiji. Leo anajulikana kwa mradi wa AirQo, ambao vifaa vyake vya bei nafuu hupima uchafuzi wa hewa Kampala na katika miji mingine ya Afrika. Joyce Nakatumba-Nabende, mtafiti wa akili mnemba, alipata uzamivu wake Eindhoven, Uholanzi.

Njia hii ina faida ya hesabu: ufadhili wa uzamili na uzamivu ni mwingi kuliko wa shahada ya kwanza, na mwombaji huenda akiwa na kazi ya kuonyesha. Brian Gitta, aliyesomea kompyuta Makerere, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2018 kwa Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu.

Kuna pia ng'ambo iliyo jirani. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kina tawi lake Kigali tangu 2011, linalotoa shahada za uzamili za uhandisi na teknolojia ya habari. Na kwa ambaye alama zake hazikutosha, Taasisi ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ya Uganda, UICT, iko Nakawa kwenye Barabara ile ile ya Port Bell. Stashahada yake inaweza kuwa daraja la kufikia shahada.

Wenye vyeti vya Kongo na nchi nyingine

Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Kampala wamo wengi waliosoma mashariki mwa Kongo au Burundi. Vyeti vyao vya sekondari hulinganishwa na UNEB, baada ya kutafsiriwa rasmi ikiwa vimeandikwa kwa Kifaransa. Mkimbizi asiye na pasipoti ya nchi yake anaweza kuomba hati ya kusafiria ya wakimbizi kupitia serikali ya Uganda. Upo pia ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, ambao huwasomesha wakimbizi shahada ya kwanza katika nchi inayowahifadhi.

Mitego

Kijana mwenye ujuzi wa kompyuta na Kiingereza kizuri ni mtu anayetafutwa, hata na wahalifu. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliripoti kwamba takribani watu 120,000 nchini Myanmar na 100,000 nchini Cambodia huenda walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi wao walikuwa wasomi wanaojua kompyuta, walionaswa kwa ahadi za ajira. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba wasichana wa Kiafrika, wakiwemo Waganda, waliahidiwa kazi na masomo nchini Urusi, wakajikuta wakiunda droni za kivita katika kiwanda cha Alabuga, Tatarstan.

Upo mtego mwingine usio na vitisho lakini wenye hasara. Kaskazini mwa Cyprus, ambako mawakala huwapeleka wanafunzi wengi wa Kiafrika, ni eneo linalotambuliwa kama dola na Uturuki pekee. Mwanafunzi akipata matatizo huko, msaada wa kibalozi huwa mgumu kupatikana.

Kabla ya kulipa chochote

Mambo matano yathibitishwe kwa mpangilio huu:

1. Chuo kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya nchi kilipo, na NCHE imeulizwa kama shahada yake italinganishwa.

2. Barua ya kukubaliwa imetoka chuoni, na chuo chenyewe kimeithibitisha kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake rasmi, si ile aliyoitoa wakala.

3. Ada inalipwa kwenye akaunti ya chuo, kwa jina la chuo.

4. Gharama za miaka yote ya masomo zimepigiwa hesabu, si za mwaka wa kwanza tu.

5. Viza inayotolewa ni ya masomo. Anayeambiwa aingie kwa viza ya utalii ili abadilishe baadaye asikubali.

Jambo la kwanza halihitaji nauli kubwa. Kutoka Bugolobi hadi Kyambogo ni mwendo mfupi wa bodaboda, na jibu litakalopatikana huko ndilo litakaloonyesha kama kuna haja ya kuuza kibanja.