Roger Scruton

Sir Roger Vernon Scruton (27 Februari 1944 – 12 Januari 2020) alikuwa mwanafalsafa Mwingereza na mmoja wa wahafidhina waliosikika zaidi barani Ulaya katika zama zake. Aliandika vitabu zaidi ya 50 kuhusu ujumi, muziki, majengo, dini, siasa na hata mvinyo, pamoja na riwaya na opera mbili.

Alizaliwa Buslingthorpe, Lincolnshire, akakulia High Wycombe. Baba yake, Jack, alikuwa mwalimu na mfuasi wa chama cha Labour aliyewachukia makabaila, lakini pia alipigania kwa nguvu majengo ya kale na mashamba ya eneo lao yasiharibiwe. Baba na mwana hawakuelewana. Hata hivyo, mapenzi ya mahali mtu anapoishi, ambayo ndiyo kiini cha falsafa yote ya Scruton, yalianzia kwa mzee huyo.

Baada ya kusoma Jesus College, Cambridge, alikuwa Paris Mei 1968 wanafunzi walipong'oa mawe ya barabarani na kupindua magari. Alimuuliza rafiki aliyekuwa upande wa waandamanaji watajenga nini baada ya kubomoa. Jibu likawa kutajiwa kitabu cha mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault. Scruton alisema kwamba hapo ndipo alipojitambua kuwa mhafidhina.

Alifundisha Birkbeck College, London, kuanzia 1971 hadi 1992. Kitabu chake The Meaning of Conservatism (1980) kilimtenga na wenzake wengi, na jarida la The Salisbury Review, aliloanza kulihariri mwaka 1982, likaongeza uhasama. Makala ya mwalimu mkuu wa Bradford, Ray Honeyford, kuhusu elimu ya watoto wa wahamiaji, iliyotoka katika jarida hilo, ilizua mtafaruku, na mhariri naye akaitwa mbaguzi.

Kazi yake inayostahili kukumbukwa kuliko zote haikufanyika Uingereza. Mwaka 1979 alialikwa Prague kuzungumza na wasomi waliofukuzwa vyuoni na serikali ya kikomunisti ya Chekoslovakia. Darasa lilikuwa ndani ya nyumba ya mtu, na kwenye ngazi alikutana na polisi wawili. Ndani alikuta chumba kimejaa watu waliokaa kimya, maprofesa wazee walionyang'anywa kazi wakiwa pamoja na vijana walionyimwa masomo kwa sababu za kisiasa. Mwaka uliofuata alishiriki kuunda Mfuko wa Elimu wa Jan Hus, uliovusha vitabu kwa siri, ukapeleka wahadhiri wakijifanya watalii, na kuwawezesha wanafunzi kufanya kwa siri mitihani ya theolojia ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1985 alikamatwa Brno akafukuzwa nchini. Rais Václav Havel alimtunuku nishani mwaka 1998. Aliyehubiri kuwa urithi wa walioondoka ni amana ya wasiozaliwa, wazo alilolichukua kwa mwanafikra Edmund Burke, hapa alihatarisha usalama wake kwa ajili ya amana hiyo.

Lipo doa pia. Mwaka 2002 ilivuja barua pepe iliyoonyesha kuwa alilipwa na kampuni ya sigara ya Japan Tobacco International, ilhali alikuwa akiandika magazetini kuhusu uvutaji bila kulisema hilo. Gazeti la Financial Times lilisitisha safu yake. Kwa mwandishi aliyewadai wengine ukweli lilikuwa kosa zito, na wanaompenda hawana sababu ya kulifunika.

Filamu yake ya BBC, Why Beauty Matters (2009), ilieneza hoja kwamba uzuri ni hitaji la kila mtu, si anasa ya matajiri. Kwa msingi huo serikali ilimteua mwaka 2018 kuongoza tume ya ubora wa nyumba mpya. Aprili 2019 aliondolewa saa chache baada ya mahojiano yake kuchapishwa na jarida la New Statesman. Ilipobainika kuwa maneno yake yalisambazwa mtandaoni yakiwa yamepotoshwa, jarida liliomba radhi naye akarudishwa Julai, mwezi uleule alipogunduliwa kuwa na saratani.

Ripoti ya tume, Living with Beauty, ilitoka wiki chache baada ya kifo chake. Mwaka 2021 sera ya mipango miji ya England ilianza kudai majengo yenye uzuri na mitaa mipya iliyopandwa miti. Mwishoni mwa 2024 serikali ya Labour iliondoa sehemu kubwa ya maneno kuhusu uzuri; sharti la miti likabaki.