Zosimos na roho ya shaba

Ile spiriti ya kusafishia kidonda ina jina lenye historia. Kwa Kilatini spiritus ni pumzi, na pia ni roho. Wanaalkemia waliuita hivyo hata mvuke unaopanda kutoka kwenye chombo kilicho motoni. Mimi nilizoea kuisoma alkemia kama kemia iliyoshindwa, au basi kama dini iliyojificha nyuma ya tanuri. Zosimos alinivuruga.

Huyu bwana aliishi Panopolis, leo Akhmim, Misri ya Juu, karibu mwaka 300. Aliandika kwa Kigiriki, mara nyingi akimwandikia mwanamke aitwaye Theosebeia. Ni fundi kwelikweli: anaeleza vyombo vya kukenekea, mirija ya shaba, hata namna ya kuziba maungio kwa unga uliokandwa. Vifaa vingi anasema vimetoka kwa Maria Myahudi, yule ambaye wapishi wa Ufaransa bado wanamtaja kila wanapopasha chakula juu ya maji ya moto: bain-marie.

Sasa, fundi huyu huyu anasimulia ndoto. Anaona madhabahu yenye umbo la bakuli, na ngazi 15 za kuipanda. Kuhani aliye juu anamwambia amekatwa kwa upanga, amechunwa ngozi, amechomwa mpaka mwili wake ukawa roho. Mwanasaikolojia Carl Jung aliisoma kama safari ya nafsi. Sawa, lakini hebu itazame kwa macho ya mtu wa maabara: bakuli, moto, kitu kinachovunjwa mpaka kitoe mvuke. Mvuke wa arseniki ukiipata shaba, uso wake hugeuka mweupe kama fedha. Kwa Kigiriki mvuke huo ni pneuma, neno lile lile la roho. Nadhani Zosimos hakuwa akitafuta fumbo. Aliona roho ikitoka mwili mmoja na kuingia mwingine, pale pale mezani.

Wapo mafundi waliotoa sadaka kwa pepo ili rangi zao zikubali. Zosimos aliwapinga vikali. Alimwambia Theosebeia asihangaike huku na kule. Akae nyumbani, autulize mwili, kisha atulize tamaa, hasira na huzuni, na Mungu atamjia. Ushauri huo aliuweka katikati ya maelezo ya kupaka metali rangi.