Gofu ya wabeba mifuko

Ukitaja gofu hapa Butare yetu ya Rusizi (siyo ile Butare ya Huye, wageni huchanganya sana), vijana wanacheka. Wanakwambia huo ni mchezo wa wakubwa, wa wenye magari. Na kweli, uwanja mkubwa wa nchi hii uko mbali na sisi, kule Nyarutarama, Kigali. Ulitengenezwa upya ukawa na mashimo 18, mchoro ukafanywa na kampuni ya Gary Player, bingwa wa zamani wa Afrika Kusini, na ukafunguliwa 2021. Shikeni hilo jina la Player, tutakutana nalo tena.

Ila hiyo hadithi ya wakubwa ni nusu tu. Nusu ya pili ni ya watu waliokuwa hawaruhusiwi kucheza, na bado wakacheza vizuri kuliko wenye uwanja. Walifanyaje?

Twende Nairobi kwanza. Klabu ya gofu ya pale ilianza 1906, wanachama wakiwa wakoloni. Mwafrika alipita mlango wa kazi: kukata majani, au kubeba mfuko wa fimbo za mchezaji. Mbebaji huyo anaitwa kedi. Msifikiri ni kazi ya punda. Kedi mzuri anajua kutoka hapa mpaka shimoni ni mita ngapi, upepo unatoka wapi, ardhi imeinama upande gani, na fimbo ipi itoke mfukoni. Kutwa nzima anaona makosa ya watu wengine. Bosi anapiga mpira kwenye kichaka, kedi ndiye anautafuta, na njiani anajiuliza ulifikaje huko. Hiyo ni shule jamani, tena anayesoma ndiye analipwa, hata kama ni kidogo.

Dismas Indiza wa Kenya alipita njia hiyo. Alianza kubeba mifuko Mumias, mji wa miwa, akafika kuwa mmoja wa wachezaji wa kulipwa wanaojulikana sana Kenya. Na siyo Waafrika peke yao. Mwaka 1978 mashindano ya Kenya Open yalichukuliwa na kijana wa Hispania, Seve Ballesteros. Baba yake alikuwa mkulima. Yeye utotoni alikuwa kedi, na alijifunzia kwenye mchanga wa pwani ya kijiji chao akiwa na fimbo moja tu ya chuma, namba 3, aliyopewa na kaka yake. Sheria inaruhusu mchezaji kubeba fimbo mpaka 14. Yeye na moja ile alipiga mpira wa juu, wa chini, wa kukunja kushoto, wa kukunja kulia. Mwaka uliofuata, 1979, akashinda Open ya Uingereza, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa ukongwe.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye siri. Uwanja wa mashimo 18 kwa kawaida unahesabiwa mapigo 72. Katika hayo, 36 yametengwa kwa ajili ya kuusukuma mpira ukiwa tayari kwenye nyasi fupi karibu na shimo, mawili kila shimo. Nusu nzima! Mtu anayetaka sifa anapoteza siku akipiga mpira wa mbali ili watu washangae. Kedi hakuwa na uwanja wa kupigia mbali. Alikuwa na kipande cha ardhi nyuma ya kibanda, kishimo alichochimba mwenyewe, na mpira uliookotwa. Kwa hiyo alizoea ile nusu inayoshusha hesabu. Umaskini ulimfungia huko, na huko ndiko mechi zinakoamuliwa.

Sasa Durban. Sewsunker Sewgolum, wengi walimwita Papwa, alikuwa kedi wa asili ya Kihindi, hakujua kusoma wala kuandika. Hakuna aliyemfundisha kushika fimbo, basi akaishika kinyume na watu wote, mikono imebadilishana nafasi. Mwalimu yeyote angemsahihisha siku ya kwanza. Bahati nzuri hakuwa na mwalimu. Mwajiri wake, Graham Wulff, alimpeleka Ulaya 1959, na mwaka huohuo Papwa akashinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Akayashinda tena 1960 na 1964.

Kwao ndiko kulikuwa na shida. Chini ya ubaguzi wa rangi alihitaji kibali ili tu kucheza na wazungu. Mwaka 1963 alishinda Natal Open, lakini sheria haikumruhusu kuingia ndani ya jengo la klabu. Wazungu walikaa ndani, yeye akakabidhiwa kombe nje, kwenye mvua. Picha ile ilizunguka dunia na kuwapa nguvu waliotaka michezo ya Afrika Kusini isusiwe. Mwaka 1965 akashinda tena Natal Open, na aliyemshinda ni Gary Player mwenyewe, yule yule wa mchoro wa Kigali.

Jibu la serikali lilikuja 1966: akakatazwa mashindano ya nyumbani, na pasipoti akanyang'anywa. Mikono ilikuwa ile ile, mazoezi yale yale, karatasi ndiyo imeondoka. Sisi tulio wakimbizi hatuhitaji kueleweshwa hapo. Mkataba wa 1951 una kifungu cha 28 kuhusu hati ya kusafiria ya mkimbizi, na kijana mwenye kipaji bila hati hiyo anabaki bingwa wa mtaa. Ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, mipira mnayoleta tunashukuru kabisa, ila mkikutana na kijana anayeweza, mumuulize pia habari ya karatasi zake.

Papwa alifariki 1978, maskini, akiwa na miaka hamsini hivi. Ndio mwaka ule ule Ballesteros alibeba kombe Nairobi. Leo Durban kuna uwanja wa gofu wa mji unaoitwa kwa jina la Papwa Sewgolum, na watu wa rangi zote wanaingia kucheza kwa mlango mmoja.